Mablanketi Mawili Juu ya Uchaga

Blanketi jipya lina harufu yake. Ni harufu ya wanga na dawa ya nondo, na ya karatasi ngumu iliyokaa muda mrefu ghalani pasipo jua. Wapo wanaoipenda. Mimi ikinifika puani natafuta mtu wa kugombana naye, na juzi aliyekuwa karibu ni mume wangu.

Alirudi kutoka kazini stesheni na mzigo tulioagiza dukani: sabuni, chumvi na doti moja ya khanga. Tulipoifungua ile doti, ndani yake mlikuwa na blanketi dogo la mtoto, jeupe, laini kama manyoya ya kifaranga. Hatukuliagiza wala hatukulilipia.

"Wamekosea hawa," akasema. "Usiliguse, Mama Kabula. Jumatatu nitalirudisha."

Akalikunja kwenye mikunjo yake ileile ya dukani, akaliweka juu ya kabati, akaenda kunawa mikono. Chini ya kabati hilohilo mtoto wetu alikuwa amelala, kafunikwa khanga iliyochakaa mpaka unaona taa upande wa pili. Na hizi asubuhi za Shinyanga za msimu wa pamba kuvunwa mnazijua wenyewe, upepo unapita tambarare bila kukutana na kitu cha kuuzuia mpaka ukufikie wewe. Nikamwambia mume wangu maneno ambayo sitayaandika hapa. Akanitazama kama mtu aliyeumwa na mbuzi wake mwenyewe. Hajui chochote, maana sijapata kumwambia. Nawaambieni ninyi kwanza, mliokuwa watoto wakati mmoja na mimi, mliolala juu ya ngozi ya ng'ombe mkaisikia baridi ikipanda kutoka sakafuni.

Kwetu ni mwendo wa asubuhi kutoka Segese. Mwaka ninaousema nilikuwa bado mtoto, na baba hakuwapo. Alikuwa amekwenda kwenye machimbo ya dhahabu, upande wa Geita, kama wanaume wengi waliosikia kwamba huko mtu anapiga sururu chini anaokota ng'ombe. Alipoondoka alichukua blanketi la nyumba, kwa kuwa mchimbaji hulala nje na sisi tulikuwa na moto. Lilikuwa la kijivu, lina mstari mwekundu na mstari wa buluu pembeni. Asubuhi ile ya kuondoka, mama alichomoa nyuzi mbili kwenye ukingo wake, mmoja mwekundu, mmoja wa buluu, akazifunga kwenye pindo la kaniki yake. Nilidhani anabakiza kipande cha baba. Kumbe alikuwa anawaza blanketi jingine.

Wengi wenu mnakumbuka jinsi watu walivyokuwa wakiagiza vitu mjini. Hakuna aliyeandika. Ulituma kielelezo. Anayetaka shati alituma kamba iliyopimwa mabegani. Anayetaka viatu alituma kijiti cha urefu wa unyayo, na aliyevunjikiwa kioo cha taa alituma kigae chake. Dereva wa lori lililopeleka vyakula na watu machimboni, mtu wa Shinyanga mjini aitwaye Ramadhani, alivichukua vyote hivyo akavichomeka kwenye kofia yake. Alionekana kama ndege anayejenga kiota. Mjini alikwenda dukani kwa Mzee Saidi, akaivua kofia mezani, na Mzee Saidi akasoma ile kofia kama padri anavyosoma misale.

Pamba yetu ilipokwisha kuuzwa, mama alitoa zile nyuzi mbili.

"Mwambie Mzee Saidi, blanketi kama hili," alisema.

"Kama lipi, mama? Mimi naona nyuzi."

"Yeye ataelewa."

"Haya. Mwenye duka akielewa nyuzi, mimi nani nisielewe."

Akazichomeka kofiani, akatutania mimi na mdogo wangu kwamba yupo mchumba machimboni anatafuta wake wawili wenye makamasi, akaenda zake.

Mdogo wangu aliitwa Kabula, kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha. Alikuwa bado hajafika umri wa kuchunga hata ndama. Alinifuata kila mahali kashika upindo wa nguo yangu, na nguo yenyewe ilikuwa imechanika upande mmoja kwa sababu yake. Msimu huo wa baridi kifua kilimshika. Kwanza kikohozi kidogo cha asubuhi, kisha cha kutwa, kisha akaanza kupumua kwa sauti kama mvukuto wa mhunzi.

Lori lilirudi siku hizohizo. Ramadhani akashusha mzigo wetu mlangoni, akawa na haraka ya kuwahi machimboni, akaondoka hata maji hakunywa. Mama akakata kamba. Ndani ya karatasi mlikuwa na mablanketi mawili. Moja la kijivu lenye mistari miwili, yote myekundu. La pili la kijivu lenye mistari miwili, yote ya buluu.

Ninyi mmekwisha kuelewa. Nyuzi mbili za blanketi moja, dukani zilisomwa kama mablanketi mawili. Mama naye alielewa palepale. Alicheka. Ndiyo mara ya mwisho kumwona anacheka namna ile, kaweka kiganja mdomoni. Akalichukua la buluu, akamfunika Kabula begani, akasema, "Hili letu. Lile litamsubiri Ramadhani." Kabula akalivuta mpaka puani akapiga chafya.

Mambo yangeishia hapo. Ilikuwa sahihi hapo. Mwanamke asiyejua kusoma alikuwa amekwisha kuamua, na mpaka leo, pamoja na sekondari yote niliyoisoma kwa masista, sijasikia hukumu iliyo bora kuliko ile. Lakini jirani yetu Mama Shija alikuwa ameona mzigo ukishushwa, akamwambia mwenziwe kwa furaha tu, na kabla jua halijafika utosini Mwalimu Petro alikuwa uani kwetu.

Mwalimu Petro alikuwa katekista wetu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mtu mbaya ungemfukuza na mchi. Huyu alikuja amevaa kanzu safi, akakaa kwenye kigoda, akatuamkia vizuri, akamgusa Kabula kwenye paji la uso akasema pole mtoto. Kisha akauliza.

"Mama Holo, uliagiza nini?"

"Blanketi moja, mwalimu."

"La mistari gani?"

"Mwekundu na wa buluu."

"Hapa naona la nyekundu na nyekundu. Na hili la buluu na buluu. Lako ni lipi?"

"Hili alilovaa mtoto. Jingine litarudi."

"Nani kakwambia lako ni hilo?"

Mama akamvutia Kabula blanketi shingoni.

"Labda lako ni lile jekundu," akaendelea, polepole, kama anayefundisha amri za Mungu. "Ukilitumia la buluu, kumbe la buluu ndilo lililozidi, utakuwa umetumia mali ya mtu. Ukilitumia jekundu, hivyohivyo. Hujui. Na asiyejua hashiki."

Mama Shija alikuwa amesimama mlangoni na ungo wake. Akasema, "Basi mwalimu, tuyakate katikati tuyashone. Nusu jekundu, nusu buluu. Litakuwa kama alivyoagiza."

"Kukata mali ya mtu, Mama Shija?"

"Mtoto anatetemeka, mwalimu."

"Namwona. Na Mungu anamwona." Akamgeukia mama, akashusha sauti, na sauti iliposhuka ndipo maneno yalipokuwa mazito. "Baba Holo yuko mbali. Mke wa mtu aliye mbali anapata mablanketi mawili kutoka kwa dereva. Mimi najua ni ya dukani. Wewe unajua. Lakini midomo ni mingi, na Pasaka uliungama kama mwanamke mwenye jina safi. Yaache yote mawili mpaka mwenye duka aseme lipi ni lipi. Lori litarudi tu."

Sasa natazama ile hesabu ya kichwa chake nataka kulia kwa hasira. Moja letu lilikuwa mlemle ndani. Tulilivunia pamba, mimi mwenyewe vidole vilichanwa na vitumba vyake. Mzee Saidi angeulizwa lipi ni lipi angejibu nini? Yalikuwa sawa kwa uzito na kwa bei, yametoka ghala moja. Lakini Mwalimu Petro aliona dhambi imejificha katika moja ya yale mawili, kama nyoka katika moja ya mashimo mawili, basi akakataza mkono usiingie popote. Na mama, ambaye hakuwa na mume wa kumsemea wala shemeji asiyetafuta sababu ya kumsengenya, alimvua Kabula blanketi. Kabula aliling'ang'ania kwa vidole. Mama akavifungua kimoja kimoja.

Akayafunga yote mawili katika karatasi yao, akayapandisha juu ya uchaga.

Uchaga wetu ulikuwa juu ya mafiga, kama ulivyokuwa wenu. Masuke ya mtama ya mbegu yalikaa huko ili moshi uyalinde na wadudu. Na ndizi mbichi, watu wa Ushirombo walipotuletea, zilivundikwa huko zikafunikwa majani, na baada ya kusubiri zilishuka za manjano. Kwa akili yangu ya utoto, kila kilichopanda pale kilikuwa kinaandaliwa. Watu wazima walizungumza habari ya mali ya mtu na jina na dhambi, mimi sikuelewa hata neno. Nilichoelewa ni kwamba mablanketi yamekuja mabichi, yamewekwa juu ya moshi, na yakiiva yatashushwa. Tena nilijiona mwerevu kwa kugundua.

Nikamwambia Kabula.

"Kwani blanketi linaiva?" aliuliza.

"Kama ndizi."

"Litakuwa tamu?"

"Litakuwa na joto."

Akaridhika. Kuanzia hapo, kila mara aliponiona natazama juu, aliuliza, "Holo, limeiva?" Nilipanda kwenye kinu nikanusa. Harufu ya wanga bado ilikuwapo, nikamwambia bado. Karatasi ilianza kubadilika rangi kwa moshi, ikawa kahawia pembeni, ikatokwa na madoa, sawasawa na ganda la ndizi inayokaribia. Nilifurahi sana. Nikamwambia Kabula sasa ni karibu. Alikuwa amelala juu ya ngozi kando ya moto, kafunikwa kaniki ya mama, na mama mwenyewe akabaki na kipande cha gunia mabegani. Kabula akatabasamu kwa meno ya mbele.

"Mayu," akamwita mama, "Holo anasema blanketi linakaribia kuiva."

Mama alikuwa anakoroga uji. Mwiko ukasimama. Alitazama juu kwenye uchaga, akatazama mlango, kama mtu anayepima umbali. Nilidhani anapima kama yameiva. Leo nami ni mama, najua alikuwa anapima nini.

Lori halikuja. Tulisikia limevunjika ekseli huko machimboni na wanasubiri chuma kutoka mjini. Mama Shija alikuja asubuhi moja akasema waziwazi, "Mama Holo, shusha. Mimi nitasema niliyashusha mimi, mimi sina jina la kuharibu, wangu aliniacha zamani." Mama akasema, "Nitamuuliza mwalimu." Akaenda. Akarudi. Mwalimu Petro alikuwa ametuma maji ya baraka kwenye chupa, na salamu kwamba majaribu yakikaribia mwisho ndiyo huwa makali.

Kabula alifariki saa ya jua kuchomoza, wakati ng'ombe wa jirani wanatoka. Nilikuwa nje nafukuza ndege kwenye mtama uliokuwa unakauka. Niliporudi ndani mama alikuwa ameketi naye, amemkunja mapajani kama mtoto wa siku ya kwanza, na miguu yake ilikuwa nje ya kaniki. Miguu midogo, ina vumbi, kaniki haikuifika. Naiona nikifumba macho. Naiona nikiyafumbua.

Sisemi blanketi lingemponya. Nimesoma, najua ugonjwa wa kifua hauogopi pamba. Mtu asije akanijibu kwa hoja hiyo, mume wangu akiwa wa kwanza. Nasema hivi: angekufa ana joto.

Alizikwa katika ile kaniki. Mablanketi yalibaki juu. Jumapili iliyofuata Mwalimu Petro alisimama mbele ya watu akasema kwamba katika kijiji chetu ipo nyumba yenye msiba lakini yenye mikono safi, nyumba ambayo hata kilio hakikuifanya iguse cha mtu. Watu walimgeukia mama kwa heshima. Wanawake wakatikisa vichwa. Mimi nilijivuna, Mungu anisamehe utoto wangu, nilidhani tumeshinda kitu. Mama alitazama mikono yake iliyosifiwa. Akaigeuza juu, akaigeuza chini, akaiweka chini ya gunia.

Kisha lori likaja. Ramadhani alisimama mlangoni mchangamfu, kofia kichwani, akapiga hodi na kuanza kusema hata kabla hajaketi.

"Mama, mbona mnanichekesha? Nimekutana na habari zenu njiani, eti mnalinda mablanketi. Nilipofika mjini kufuata chuma nilimwambia Mzee Saidi kwamba nyuzi zile zilikuwa za blanketi moja. Kacheka mpaka kashika mbavu. Kasema hakukumbuka hata kidogo. Kasema kosa ni letu la dukani, mama akae nayo yote mawili, mteja wa siku zote huyu, moja ahesabu nyongeza." Akaangaza macho ndani. "Yule mke wangu mdogo yuko wapi? Nimemletea sukari guru."

Ramadhani aliyaona makaa, akaiona ngozi haina mtu, akavua kofia. Vijiti na kamba za watu wengine vikamwagika sakafuni, wala hakuviokota.

Nyongeza. Mliokua wakati wangu mnalijua neno hilo lilivyokuwa tamu. Ukinunua chumvi unaongezewa kipande cha sukari guru, ukinunua kitambaa unaongezewa upana wa mkono. Ndicho kilichokuwa juu ya uchaga wetu wakati wote ule. Mwenye mali hakuwa hata na habari. Hakulala njaa, hakulala baridi, hakuitafuta, hakuikumbuka. Aliyekuwa anaililia mali ya Mzee Saidi ni Mwalimu Petro peke yake, na aliyeilipa ni Kabula.

Mama alichukua mti akaushusha mzigo. Karatasi ilikuwa nyeusi kwa masizi, ikapasuka ilipoguswa. Akamtuma Mama Shija amwite mwalimu, na mwalimu akaja, akasikia maneno ya Ramadhani yakirudiwa. Akasema, "Bwana asifiwe, ukweli umejulikana." Mama akamtupia mapajani lile jekundu.

"Chukua, mwalimu. Sasa tumejua lipi ni la nani."

Nami nilingoja alikatae. Hata mtoto alijua kwamba pale mtu hulikataa. Mwalimu Petro alilishika, akalipapasa, akaona ni zito. Akasema, "Mungu atakurudishia, Mama Holo." Akaenda nalo. Miaka yote niliyosoma katekisimu kwenye baraza yake, niliimba amri ya saba natazama blanketi lenye mistari myekundu limeanikwa kwenye ua wake. Usiibe, tulikariri. Lilipepea vizuri sana.

La buluu mama hakuliingiza kitandani. Msimu uliofuata alilifungia pamba, likaenda mjini pamoja na pamba, halikurudi. Baba alipotoka machimboni na mikono mitupu na blanketi lake la zamani, mama alimpokea akamwandalia maji. Alipomuuliza Kabula, alisema, "Alikuwa anasubiri." Basi. Habari nyingine aliipata kwa Mama Shija.

Kwa hiyo mkiniuliza, kama mume wangu alivyoniuliza juzi kwa sauti ya mtu mstaarabu, kwamba duka likikosea likakuletea cha ziada ufanyeje, jibu langu ni hili. Mwambie mwenye duka. Mwambie upesi, mdomo wako mwenyewe, usipitie kwa mwalimu. Lakini mpaka atakapojibu, mtoto wako si ghala lake. Nimechoka na uaminifu unaobebwa na watoto ili wakubwa wasifiwe kanisani. Dukani wakikukatia kitambaa pungufu kwa upana wa mkono, nani aliyewahi kuona Mhindi au Mwarabu au Mswahili au Msukuma mwenzetu akaliweka lile pindo juu ya uchaga akakosa usingizi?

Jumatatu nitakwenda dukani mwenyewe. Nitamwambia mwenye duka, cha kwako kilipotea njia kikafika kwangu. Ukikitaka, kiko mgongoni kwangu na mtu ndani yake. Sema.

Juzi ile, mume wangu alipomaliza kunawa mikono na kurudi chumbani, alinikuta juu ya kiti, nimelishusha blanketi lile jeupe, nimemkunja Kabula wangu mpaka kidevuni, miguu yote ndani. Mtoto alikuwa amepiga chafya moja kwa ajili ya ile harufu, akalala tena.

"Mama Kabula, tulikubaliana nini?" alisema. "Mbona umelishusha?"

"Limeiva," nikamjibu.